Globu za LED zinakufa ovyo au hazitoshi mwanga? Mwongozo kamili wa kuchagua na kufunga taa za kubana umeme nyumbani, Unguja na Pemba

Kila siku nasikia malalamiko yale yale. Mtu kanunua globu ya LED ya bei ya chini, imewaka wiki chache imekufa, kanunua nyengine nayo imekufa, mwisho anasema LED ni uongo na kurudi kwenye globu ya zamani ya waya ndani ambayo inakula umeme na kupasha chumba joto. Na mwengine kafunga LED nyumba nzima lakini ukumbini giza, watoto wanasoma juzuu kwa kukunja macho.

LED sio uongo. Tatizo mara nyingi ni vitu vitatu, watu wananunua kwa kuangalia wati badala ya lumeni (kipimo cha mwanga), wanafunga globu mpya kwenye holda iliyokwisha oza kwa chumvi, na wanaanza na chumba ambacho taa yake haiwaki sana. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke ya 2 hata kama una haraka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Karatasi na kalamu, au sehemu ya kuandikia kwenye simu
- Tepu ya kupimia, au hesabu kwa hatua za miguu tu
- Simu yenye kamera
- Bisibisi ya tesa
- Ngazi au meza imara ya mbao. Kiti cha plastiki hapana, kinateleza na miguu yake inapanuka ukisimama
- Kitambaa kikavu
- Globu moja ya zamani uliyoitoa, uende nayo dukani

Kama mita yako ni ya TUKUZA (ya kununua umeme kabla), andika pia yuniti zilizobaki leo na tarehe. Utazihitaji mwisho.

Hatua ya 1: Andika kila taa inawaka saa ngapi

Pita nyumba nzima, andika kila taa, wati zake, na saa inazowaka kwa siku. Usiandike unavyotaka iwe, andika inavyowaka kweli. Jikoni Ramadhani inawaka mpaka daku, taa ya baraza inakesha, ya stoo inawaka dakika tano.

Hesabu yenyewe rahisi: wati mara saa mara siku 30, gawa kwa 1000, unapata yuniti za mwezi. Globu ya zamani ya wati 60 inayokesha nje saa 12 inakula yuniti 21.6 kwa mwezi, moja tu hiyo. Ukiweka LED ya wati 5 hapo, ambayo kwa baraza inatosha kabisa, inakula 1.8. Sasa ile ya stoo, hata ukiiacha ya zamani miaka mingine mitano hutoona tofauti. Kwa hivo kama pesa ni ya globu mbili tu mwezi huu, anza na zinazokesha na zinazowaka muda mrefu, za stoo na chooni zisubiri.

Kitu chengine, kama tayari una zile enajisaiva za kujikunja (zile za mrija mweupe) na bado zinawaka vizuri, usizitoe kwa pupa. Globu sita za enajisaiva za wati 14 kwa saa tano kwa siku zinakula yuniti 12.6 kwa mwezi, LED sita za wati 9 zinakula 8.1. Tofauti ipo ila ndogo, basi badilisha moja moja kila inapokufa. Anayetoka kwenye globu za waya za wati 60 ndo anatakiwa afanye haraka, maana sita za hizo kwa saa hizo hizo ni yuniti 54.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na orodha yenye taa zinazokula sana juu na zisizokula chini.

Hatua ya 2: Kagua holda kabla ya globu

Hapa ndo wengi wanafeli na hawajui kama wamefeli. Sisi tupo kisiwani, hewa ina chumvi na unyevu, na anayekaa karibu na bahari, Jambiani, Nungwi, Mkoani, anajua pasi na redio zinavyoota kutu. Zile pini za shaba ndani ya holda zinapata ukijani, springi inachoka, globu haikamati vizuri. Umeme unapita kwa kurukaruka, cheche ndogo ndogo ambazo hata huzioni, na kile kidude cha ndani ya LED kinachobadilisha umeme hakipendi kabisa hiyo hali. Globu inakufa, lawama inaenda kwa globu.

Zima meni swichi, sio swichi ya ukutani tu. Kuna nyumba nyingi fundi alifunga waya vibaya, swichi ya ukutani inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) na waya wa moto unabaki kwenye holda, kwa hivo taa imezimika lakini ukigusa unapigwa. Hakikisha na tesa, na tesa yenyewe ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme.

Halafu toa globu, mulika ndani kwa tochi. Angalia:

Plastiki imegeuka ya kahawia au imepasuka? Badilisha holda. Pini ukizibonyeza na kitu kikavu hazirudi juu? Badilisha. Kuna ukijani au unga mweupe? Badilisha, usikwangue na kisu. Globu ikiwa ndani inacheza? Badilisha. Holda mpya bei yake ni ndogo kuliko globu nzuri, na kubadilisha ni kazi ya fundi ya muda mfupi.

Andika pia aina ya kitako. Cha pini mbili za pembeni kimeandikwa B22, cha kuzungusha kimeandikwa E27, na zile nyembamba za mapambo ni E14. Nyumba zetu nyingi zimechanganya, sebuleni pini, nje skrubu, ndo maana nikasema uende na globu ya mfano. Vile viadapta vya kugeuza pini kuwa skrubu sivipendi, vinaongeza sehemu nyengine ya kulegea na globu inaning'inia chini. Bora ubadilishe holda.

Kwa holda za skrubu mwambie fundi ahakikishe waya wa moto unaenda kwenye kituo cha katikati, sio kwenye ganda la pembeni ambalo vidole vinaligusa wakati wa kufunga.

Hatua ya 3: Chagua lumeni, wati zije baadae

Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ndo mwanga unaopata. Zamani globu zote zilikuwa za aina moja kwa hivo wati zilitosha kukwambia mwanga, sasa hazitoshi, LED mbili za wati 9 zinaweza kutofautiana mwanga sana.

Ukitaka kulinganisha na globu ya waya uliyoizoea: ya wati 40 ilikuwa inatoa kama lumeni 450, ya 60 kama 800, ya 75 kama 1100, na ya 100 kama 1500.

Kwa chumba, pima urefu mara upana upate mita za mraba. Chumba cha kulala weka kama lumeni 100 kwa kila mita ya mraba, ukumbi au sebule 120 mpaka 150, jikoni na meza ya kusomea 200 na kuendelea. Korido, choo na baraza lumeni 400 hadi 500 zinatosha.

Mfano, chumba cha mita 3 kwa 3 ni mita za mraba 9, unataka kama lumeni 900, globu moja nzuri ya wati 9 inakaribia hapo. Sebule ya 4 kwa 4 ni 16, unataka karibu 2000, hapo usitafute globu moja kubwa, weka mbili za lumeni 1000 sehemu mbili tofauti, mwanga unasambaa na vivuli vinapungua. Watu wanang'ang'ania globu moja katikati ya dari halafu wanashangaa pembeni giza.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina hesabu yake. Dari zile za boriti ziko juu sana na ukuta ukiwa haujapakwa chokaa muda mrefu unameza mwanga, kwa hivo ongeza karibu nusu ya hesabu, au shusha taa kwa waya mrefu. Kupaka ukuta mweupe kunasaidia kuliko kuongeza globu, hili watu hawaliamini mpaka waone.

Hatua ya 4: Rangi ya mwanga

Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K. 2700K na 3000K ni mwanga wa njano uliotulia, 4000K ni wa katikati, 6500K ni mweupe wenye ubuluu. Hapa kwetu wengi wanachukua 6500K kwa sababu dukani unaonekana mkali, lakini mkali wa macho sio lumeni nyingi, ni rangi tu.

Ushauri wangu, chumba cha kulala 2700K au 3000K, maana mwanga wenye ubuluu usiku unachelewesha usingizi khasa kwa watoto. Jikoni na meza ya kusomea 4000K. Nje 3000K au chini ya hapo, kwa sababu wadudu wanavutwa zaidi na mwanga mweupe wa ubuluu, msimu wa mvua utaona tofauti kubwa barazani, kumbikumbi wanapungua na mijusi wanapungua nao.

Wanaokaa karibu na fukwe wanazotaga kasa, taa ya nje isielekee baharini na iwe ya njano na yenye kifuniko juu. Vifaranga vya kasa vinafuata mwanga, badala ya kwenda majini vinapanda juu nchi kavu na kufa.

Angalia pia alama ya Ra au CRI, ni namba inayoonesha rangi za vitu zinaonekana kwa uhalisia kiasi gani. Chini ya 80 usichukue. Kwa anayeshona kofia, anayepaka hina na piko kwa kazi, au anayechagua vitambaa usiku, tafuta 90. Kuna globu za ovyo ambazo chini yake nyama nzuri inaonekana ya kijivu, na uzi wa kahawia hutoutofautisha na mweusi.

Hatua ya 5: Dukani

Iwe Darajani, Mwanakwerekwe, Chake au Wete, taratibu ni hizi hizi, na usione haya kuuliza maswali mengi, pesa yako.

Kwanza soma boksi. Lazima paandikwe lumeni, wati, volti, K na masaa. Boksi lisiloandikwa lumeni lirudishe, basi, hakuna mjadala. Gawa lumeni kwa wati: LED ya kawaida ya sokoni inatoa kama lumeni 80 mpaka 110 kwa kila wati. Ukikuta boksi la bei rahisi limeandika wati 9 lumeni 1800, hiyo ni 200 kwa wati, globu za kiwango hicho zipo duniani ila sio kwa bei hiyo, huyo ameandika tu.

Pili volti. Umeme wetu ni wa 230, na kawaida unaruhusiwa kupanda au kushuka asilimia 10, yani kuanzia 207 hadi 253. Globu iliyoandikwa 220-240V inafanya kazi, lakini kwa sehemu ambazo umeme unapanda na kushuka sana, mwisho wa laini huko mashamba, tafuta iliyoandikwa kama 100-265V au 85-265V. Hizo zinavumilia umeme mdogo bila kupepesa.

Tatu, ishike mkononi. LED nzuri mara nyingi inakuwa na uzito wa kusikika mkononi, kwa sababu ndani ya kitako kuna alumini ya kutoa joto. Joto ndo adui mkubwa wa LED, sio zile taa zenyewe bali kile kidude cha ndani, kikipikika kinakufa. Globu nyepesi kama ganda la yai mara nyingi ina plastiki tupu.

Nne, mwambie muuzaji aiwashe, alafu fungua kamera ya simu uielekeze kwenye globu kwa karibu. Ukiona mistari meusi inatembea kwenye kioo cha simu, globu hiyo inapepesa kwa kasi ambayo jicho halioni vizuri lakini kichwa kinauma ukisomea chini yake. Mistari hafifu sio mbaya sana kwa korido. Mistari mizito achana nayo. Sikiliza pia kama inanguruma.

Tano, masaa. 15,000 ni ahadi ya kuaminika, kwa saa tano kwa siku hiyo ni miaka minane hivi. Lakini masaa hayo hayana maana bila waranti, kwa hivo ulizia waranti na mwambie aandike tarehe na jina la duka kwa kalamu ya maka kwenye kitako cha globu, akupe na risiti. Muuzaji akikataa kuandika tarehe, kashakujibu kuhusu ubora wake. Mie naona hili ndo kubwa kuliko yote dukani: bora duka la kawaida linalorudisha kuliko chapa kubwa kwa mtu wa barabarani ambaye kesho humuoni, na chapa kubwa ndo zinazofojiwa zaidi.

Usinunue za nyumba nzima siku moja. Chukua mbili, zikae wiki tatu nne, zikiwa sawa rudi uchukue zilizobaki.

Hatua ya 6: Kufunga

Zima meni swichi. Subiri globu ya zamani ipoe. Mikono mikavu, sakafu kavu, viatu miguuni. Pangusa vumbi kwenye holda kwa kitambaa kikavu.

Shika kitako, usishike kichwa cha plastiki na kukizungusha, kinang'oka. Ya pini sukuma juu kisha zungusha mpaka ikamate. Ya skrubu zungusha mpaka igote, usikaze kwa nguvu.

Kuwa makini na shedi zilizofungwa pande zote, zile bakuli za kioo za darini. Joto halitoki. Humo weka globu ndogo, ya wati 5 au 7, au tafuta boksi lililosema inafaa kwa taa iliyofungwa. Ukiweka ya wati 15 ndani ya bakuli usishangae ikifa mapema.

Nje mvua inapofika usiweke globu tupu kwenye holda ya wazi. Nunua taa nzima iliyoandikwa IP65, hiyo haiingii vumbi wala maji ya kurushiwa.

Na swichi zenye kitaa kidogo cha kuionesha gizani, hizo zinapitisha umeme kidogo, LED inaweza kubaki inawaka hafifu au kumetameta hata ukizima. Globu haina ubovu, badilisha swichi iwe ya kawaida. Dalili hiyo hiyo inatokea pia swichi ikikata nyutro badala ya waya wa moto, na hiyo ni ya kumwita fundi.

Umefanikiwa kama inawaka papo hapo, hainguruma, na ukizima inazimika kabisa.

Hatua ya 7: Pima kwa mita, usikisie

Mita ina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake inapepesa mara 1000 kwa kila yuniti moja. Usiku zima kila kitu, chomoa friji, feni, chaja, tivii, acha taa tu. Hesabu mipepeso kwa dakika 10.

Kwa mita ya 1000, globu sita za waya za wati 60 zitapepesa kama mara 60. LED sita za wati 9 zitapepesa kama mara 9. Kama mita yako imeandikwa namba nyengine, mipepeso inazidi au kupungua kwa uwiano huo huo.

Njia hii inakufichulia pia globu za uongo. Umenunua sita zilizoandikwa wati 15, ilitakiwa mipepeso 15, umepata 7, basi ni globu za wati 7 zimevalishwa boksi la 15, na mwanga wake ni wa 7. Rudisha na risiti.

Kama mipepeso inaendelea hata taa zote zikiwa zimezimwa na kila kitu kimechomolewa, kuna umeme unavuja sehemu au kuna waya wa mtu mwengine kwenye mita yako. Fundi aje.

Globu za chaji kwa umeme unapokatika

Hizi zenye betri ndani ni nzuri, lakini moja kwa kila swichi. Ukiiweka swichi moja na globu nyengine za kawaida, umeme ukikatika itawaka hata swichi ikiwa imezimwa na betri itaisha bure. Iwe inawashwa kila siku masaa kadhaa, la sivo haichaji. Mwanga wake wa betri ni mdogo kuliko wa umeme, kwa hivo iweke korido au jikoni, sio pa kusomea.

Kama bado zinakufa

Zikifa chumba kimoja tu, tatizo ni holda, swichi au shedi ya chumba hicho. Rudi hatua ya 2.

Zikifa nyumba nzima, au ukiona taa zinazidi kuwaka kwa nguvu ghafla kisha zinafifia, au baadhi zinafifia pale nyengine zinapokuwa kali, zima meni swichi na uwapigie ZECO, shirika la umeme Zanzibar, siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa nyutro imelegea, volti zinaweza kupanda mbali juu ya 230, na kitakachoungua baada ya globu ni friji. Usisubiri kuche.

Kutupa za zamani

Enajisaiva na tyubu ndefu zina zebaki kidogo ndani. Usizivunje na watoto wasizichezee. Ikivunjika, toa watu, fungua madirisha, subiri kama dakika 15, okota vipande kwa karatasi ngumu, vipande vidogo nasa kwa gundi ya tepu, usifagie na ufagio maana unatawanya vumbi lake. Tia vyote kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, funga, kisha osha mikono. Nzima zilizokufa zirudishe kwenye boksi lake na muulize muuzaji au baraza lako la manispaa kama wanapokea kabla hujaamua kuzitia jaani.